TUMCHANGIE MWENZETU ANGALI HAI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa tawi la Nakuru kwa niaba ya kamati ya matembezi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini siku ile.)



Tumepewa nusu saa, nasi hatutaipita, maana twajua kuna wenzetu wanaoingia zamu saa kumi na mbili jioni, na garimoshi halimngoji mtu kwa sababu alikuwa akisikiliza hotuba.

Sisi tuliosimama hapa ni watu wa karakana, wa njia na wa stesheni. Hatukuchaguliwa kwa kuwa tuna elimu ya udaktari. Wengi wetu tulimaliza darasa la nane katika shule za misheni, kisha tukaja kushika spana na nyundo. Tutakayosema ni yale tuliyoyaona kwa macho yetu, na yale tuliyowauliza wanaojua.

Jambo letu ni moja. Twataka tawi hili likubali kwamba mwenzetu akipatwa na saratani, au kansa kama wengi tusemavyo, tumchangie angali hai. Tena tumchangie kwa miguu yetu pamoja na mifuko yetu.

Wengi wenu mlimjua fundi wetu wa breki. Jina lake hatutalitaja, maana mjane wake na watoto wangali nasi katika mji huu, na msiba wa watu si tangazo la kubandikwa ubaoni. Alifanya kazi nasi miaka 19. Siku moja tuliona ameacha kula ugali saa ya chakula. Akawa analeta uji katika chupa. Tukamcheka. Tukamwita mtoto mchanga, tukamwuliza meno yataota lini. Naye akacheka pamoja nasi, akasema ni vidonda vya tumbo tu. Baadaye akawa anakunywa uji ule polepole sana, ametupa mgongo ili tusimwone akipaliwa. Mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha akatoboa jingine.

Ndugu zetu, sisi ni watu tuliofundishwa kusikiliza. Mkaguzi wa mabehewa hugonga gurudumu kwa nyundo, na kwa mlio peke yake hujua kama lina ufa. Lakini mwenzetu alitoa mlio wa ufa mbele yetu miezi mitano, nasi tulikuwa tukicheka.

Alipokwenda kupimwa, saratani ilikuwa imekwisha kuziba njia ya chakula. Alikaa miezi minane zaidi, kisha akatuacha. Tumelifungua daftari la karakana ili tuwasomee ukweli. Katika miezi minane ile ya ugonjwa, sisi wote kwa jumla tulimpelekea shilingi 7,500. Alipokufa, katika siku tisa tulikusanya shilingi 186,000. Tukanunua jeneza zuri. Tukakodi turubai na viti. Tukachapisha fulana zenye picha yake. Basi la kutupeleka kwao kumzika lilikuwa shilingi 48,000, nasi tulilipa siku ile ile bila kunung'unika.

Mjane wake hakutulaumu. Alitushukuru sana. Lakini siku tulipompelekea hesabu, aliangalia ule mstari wa basi kwa muda mrefu, akasema kwamba yako majuma manne ambayo mumewe hakwenda hospitali kwa kukosa nauli. Alisema hivyo tu, akaenda jikoni kututilia chai. Sisi tulikaa pale hatujui tuangalie wapi.

Hatusemi watu wasizikwe kwa heshima. Kuzikana ni desturi yetu, na mtu asiyefika msibani hana watu. Tunasema kwamba mkono unaoweza kutoa 186,000 kwa siku tisa si mkono maskini. Ni mkono uliochelewa.

Sasa tuseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, maana giza ndilo linalolea hofu. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaliwa, hufanya kazi, hufa, na nyingine hushika nafasi yake, kila moja kwa zamu. Saratani ni chembe zilizokataa utaratibu. Huzaana bila kiasi, huziba njia, na huweza kusafiri zikaenda kukaa mahali pengine mwilini. Haiambukizwi kwa kukaa na mgonjwa, wala kula naye sahani moja, wala kumshika mkono. Si laana ya ukoo, na si uchawi wa jirani.

Katika nchi yetu si ugonjwa wa wachache. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu wapatao 44,700 waligunduliwa kuwa nayo katika Kenya mwaka huo, na zaidi ya 29,000 walikufa kwayo. Saratani ya umio, ile iliyomchukua fundi wetu, ni miongoni mwa zile kubwa kwetu, pamoja na ya matiti, ya mlango wa uzazi na ya tezi dume. Wengi huja hospitali wamechelewa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini na tujiulize sisi pia: mwenye maradhi atajifichua kwa nani, kama wenzake ni watu wa kumcheka?

Tulipokwisha kuzika, baadhi yetu tulianza kukutana jioni na kuulizana tufanye nini. Tulitafuta habari za watu waliofanya jambo kama hili kabla yetu, tujifunze kwao. Hapo tulisoma habari za kijana mmoja wa Canada, jina lake Terry Fox, nasi twataka mzisikie kwa sababu hakuwa tajiri wala mkubwa wa serikali.

Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, Terry Fox alipatikana na saratani ya mfupa. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Alipokuwa hospitalini aliwaona wagonjwa wengine wakiteseka, wengine wakiwa watoto, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Akafanya mazoezi kwa mguu wa bandia. Tarehe 12 Aprili 1980 akaanza kukimbia kutoka pwani ya mashariki ya nchi yake, apate kuikata nchi nzima hadi bahari ya magharibi, akiomba watu fedha za kutafuta tiba ya saratani. Alikimbia karibu kilomita 42 kila siku. Mwanzoni watu walikuwa wachache barabarani. Kadiri alivyoendelea, miji mizima ilitoka kumlaki.

Tarehe 1 Septemba 1980, karibu na mji wa Thunder Bay, ilimbidi asimame. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alikuwa amekimbia siku 143, kilomita 5,373. Sisi watu wa reli twaweza kupima umbali huo kwa kipimo chetu: ni karibu safari sita za njia ya zamani kutoka Mombasa hadi Kisumu, kwa mguu mmoja wa nyama na mmoja wa chuma. Alikuwa ameomba dola moja kwa kila mtu wa nchi yake. Kufika Februari 1981 fedha zilizokusanywa zilikuwa zaidi ya dola milioni 24, na watu wa Canada wakati ule walikuwa kama milioni 24. Alikufa tarehe 28 Juni 1981, hajatimiza miaka 23.

Lakini mbio hazikufa naye. Septemba ya mwaka ule ule watu wapatao 300,000 walitoka katika miji ya Canada wakakimbia na kutembea kwa jina lake, na hata leo hufanya hivyo kila mwaka katika nchi nyingi. Fedha zilizopatikana tangu siku zile zimepita dola milioni 800. Tena tazameni kanuni alizoziacha. Mbio zile hazina mshindi wala kombe. Anayekimbia na anayejikokota ni sawa. Naye mwenyewe alikataa kampuni zisitumie mateso yake kuuza bidhaa zao. Kanuni hizi tulizipenda, maana ni kanuni za chama: kila mtu ni mtu mmoja, na jasho la mgonjwa si bidhaa.

Hata hapa kwetu kazi ya namna hii ipo. Nairobi liko shirika la hisani liitwalo Faraja Cancer Support Trust, lililoanzishwa mwaka 2010 na Shaira Adamali, mama ambaye yeye mwenyewe aliugua saratani ya matiti. Mgonjwa akienda pale hupata mtu wa kumsikiliza, ushauri, na mambo ya kuutuliza mwili na moyo, na hatozwi. Tena kuna mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipia matibabu. Moja ya njia zao za kukusanya fedha ni watu kukubali kunyolewa nywele zote mbele ya watu, na rafiki zao hutoa fedha kwa ajili ya kichwa kile. Maana dawa za saratani huwaondoa wagonjwa wengi nywele, na mtoto akiona mtu mzima mwenye afya amenyoa kipara kwa ajili yake, hujiona hayuko peke yake. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mchango mzuri hufanya kazi mbili. Hupata fedha, na humwondolea mgonjwa aibu.

Basi tukasema, sisi tuna nini? Hatuna dola. Lakini sisi ni watu wa kutembea. Mtu wa gangi huamka alfajiri akatembea sehemu yake ya njia, taruma kwa taruma, akitazama kama kuna kabari iliyolegea au reli iliyopasuka. Asipotembea yeye, garimoshi la asubuhi halina salama. Tukaamua tutatembea.

Tumekwisha kutembea mara nne, kila mara Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na desturi yetu ni hii. Twakutana saa moja asubuhi karibu na stesheni. Wenye nguvu hupanda hadi ukingo wa Menengai, kama kilomita nane kutoka mjini, wakatazama kreta na kuteremka. Wasio na nguvu, na wagonjwa wenyewe, huzunguka uwanja wa mpira wa kota zetu, mzunguko mmoja au kumi, kadiri kila mmoja awezavyo. Asiyeweza hata mmoja huletewa kiti chini ya mti, naye ndiye anayehesabu mizunguko ya wengine. Kila mtembeaji hubeba karatasi yenye majina ya jamaa na rafiki waliomwahidi shilingi kadha kwa kila kilomita au kila mzunguko. Wapandaji wakisharudi, wote twakunywa chai pamoja.

Mara ya kwanza tulikuwa watu 23, nasi tulipata shilingi 14,200. Mara ya nne tulikuwa 61, tukapata 39,800. Katika matembezi yote manne jumla ni shilingi 103,600. Tumetumia 71,350. Zilizobaki ni 32,250, nazo ziko benki.

Mtauliza zimetumika kwa nini. Zaidi ya nusu ni nauli. Wengine hawajui kwamba mgonjwa anayechomwa kwa mionzi mara nyingi huitwa siku tano kwa juma, kwa majuma kadha mfululizo. Zamani hospitali ya umma yenye mashine hizo katika Kenya nzima ilikuwa moja tu, ya Kenyatta pale Nairobi, na mtu wa Lodwar na mtu wa Lamu wote walipanga mstari mmoja. Katika miaka hii ya karibu mashine zimefika Mombasa, Garissa na hapa Nakuru, nasi twashukuru. Lakini mtu anayetoka Molo au Njoro kila siku bado ana matatu ya kulipia asubuhi na jioni, na mara nyingi ana mtu wa kumshika mkono ambaye naye lazima alipe. Fedha nyingine tulilipia chumba cha mama mmoja kwa majuma matano ili alale karibu na hospitali. Nyingine tulinunulia maziwa, mayai na unga wa uji.

Yule mama wa chumba ni mke wa mwenzetu wa gangi. Siku ya kwanza alipokuja uwanjani alikuwa amejifunga leso mbili kichwani, moja juu ya nyingine, na hakumwangalia mtu usoni. Alizunguka nusu ya uwanja akaketi. Mwezi uliofuata alizunguka mara mbili. Mara ya nne alikuja na leso moja, na katikati ya mzunguko joto likamzidi, akaivua akajipepea nayo. Hakuna aliyecheka. Binti wa mmoja wetu alimwambia kipara kinampendeza, naye akacheka mwenyewe kwa sauti mpaka akashika mbavu. Hatuwaambii kwamba amepona, hilo ni la daktari kusema. Twawaambia kwamba hakukosa hata siku moja ya matibabu.

Tunajua yako maneno yanayosemwa juu yetu katika landhi na vibandani. Heri tuyajibu hapa mbele ya wote.

Neno la kwanza: "Mgonjwa apaswa kulala, ninyi mnamtembeza mpate sifa." Nasi tulikuwa na wasiwasi huo, kwa hiyo tuliuliza. Zamani ushauri wa kawaida ulikuwa ni kupumzika. Lakini kwa miaka mingi sasa matabibu wameona kwamba mazoezi ya kiasi huwapunguzia wagonjwa wengi wa saratani uchovu na majonzi. Tena mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa zaidi katika Canada na Australia, kwa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa na kutibiwa kwa dawa. Nusu yao walipewa kitabu cha mashauri ya afya. Nusu nyingine walipewa pia mtu wa kuwaongoza katika mazoezi kwa miaka mitatu, kama vile kutembea kwa mwendo wa haraka. Baada ya miaka minane, katika kila wagonjwa 100 wa kundi la mazoezi 90 walikuwa hai, na katika kundi lile jingine 83. Hiyo haina maana kwamba kutembea ni badala ya dawa. Mtu akiwaambia hivyo mfukuzeni. Tena si kila mgonjwa aweza. Kanuni yetu ni kwamba hakuna mgonjwa anayetembea nasi kabla ya kumwuliza daktari wake, na hakuna anayehimizwa apite nguvu zake.

Neno la pili: "Fedha zitaliwa." Neno hili hatulichukii, maana sote tumewahi kuumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa sababu hiyo kikundi kimeandikishwa kwa sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Fedha zaingia kwa simu katika akaunti ya kikundi, si ya mtu. Hazitoki bila sahihi za watu watatu, na mmoja wao si mtu wa kamati. Hesabu yote hubandikwa ubaoni kila tarehe 5, ila majina ya wagonjwa hatuyabandiki. Asiyeamini na aje na kalamu yake.

Neno la tatu: "Kuna SHA, ya nini tena kuchanga?" Ni kweli, tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka, sisi wenye mshahara twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mfuko ule hulipia matibabu ya saratani. Lakini malipo yana kikomo chake kwa mwaka, na dawa nyingine ni ghali. Tena hakuna bima inayomlipia mtu matatu, wala chumba cha kulala, wala maziwa ya watoto wake wakati kibarua kimekoma. Hapo katikati, kati ya mlango wa nyumba na mlango wa hospitali, ndipo mwenzetu alipokwama majuma manne.

Neno la nne ndilo zito, na limesemwa na wazee tunaowaheshimu: "Chama ni cha kudai mshahara na haki. Mkianza kugawa maziwa, mwajiri na serikali watalala usingizi." Wazee wetu, neno hili ni la kweli nusu. Sisi hatutaki huruma ikae mahali pa haki. Kwa hiyo twataka matembezi yetu yawe na macho, kama ya mtu wa gangi, ambaye akiona ufa harudi nyumbani kimya bali hupeleka habari.

Tumeona nini? Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilisema wazi kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Ndugu wa injini, moshi ule si harufu ya kazi tu, ni sumu. Asbesto ilipigwa marufuku katika nchi yetu mwaka 2006, lakini mabati yake ya zamani yangali juu ya majengo mengi ya tangu enzi za ukoloni, na mtu akiyavunja bila kujikinga huvuta vumbi litakalomdhuru baada ya miaka mingi. Basi madai ya hewa safi karakanani, ya vifaa vya kujikinga, ya mtu kupimwa bila kukatwa siku yake, na ya mgonjwa kutopoteza kazi kwa sababu anatibiwa, ni madai ya chama. Twaomba Ndugu Katibu ayaweke mezani pamoja na ya mshahara. Mshahara ni wa mtu aliye hai.

Na yako yaliyo mikononi mwetu wenyewe. Tumbaku na pombe nyingi tunazijua. Chai ya moto sana, ile tunayoimeza ikitoka jikoni ili tuwahi filimbi, nayo imetajwa tangu 2016 kuwa yaelekea huongeza saratani ya umio, ikipita nyuzi 65. Iacheni ipoe. Binti zetu wa miaka kumi hupewa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa uzazi bure, tangu Oktoba 2019, na wako akina baba hapa waliokataa kwa uvumi wa mtaani. Twawaomba wafikiri upya. Na mtu akiona chakula chakwama kooni, au uvimbe usioisha, au damu mahali isipopaswa, au anakonda bila sababu, asingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi Ndugu Mwenyekiti, tumefika mwisho wa njia yetu. Twaleta mbele ya mkutano huu maombi matatu yapigiwe kura.

La kwanza: kila mwanachama wa tawi hukatwa shilingi 200 kwa mwezi kwa mfuko wa mazishi. Twaomba shilingi 50 katika hizo zitengwe kuwa za wagonjwa walio hai. Hatuongezi mzigo hata senti moja.

La pili: matembezi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi yawe ya tawi zima, na wanaopanga zamu waombwe kuwapa nafasi wanaotaka kuja.

La tatu: katika kila sehemu ya kazi achaguliwe mtu mmoja, mwenye kufunga mdomo, ambaye mgonjwa aweza kumwendea bila hofu. Kazi yake ya kwanza iwe ni kusikiliza, na ya pili ni kukomesha mzaha.

Tuliosoma misheni twaikumbuka habari ya watu wanne waliombeba rafiki yao aliyepooza kitandani mwake, na walipokosa njia mlangoni wakapanda juu wakatoboa dari, wamfikishe penye tiba. Wenzetu Waislamu nao wanajua daraja ya kumzuru mgonjwa. Wale wanne hawakungoja kubeba jeneza. Walikibeba kitanda mtu akiwa bado juu yake anapumua.

Ile chupa ya uji ya fundi wetu bado iko kwenye kabati lake karakanani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Kila tunapolifungua kabati lile kutafuta kifaa twaiona, na hatuhitaji mtu wa kutuhutubia. Leo tumekuja kuwaomba kura kwa sababu yake, na kwa sababu ya yule ambaye huenda yumo humu ndani sasa hivi, ameketi katikati yetu, naye tangu mwezi jana hajamwambia mtu.

Ndugu, kama upo, Jumamosi saa moja tutakuwa karibu na stesheni. Huna haja ya kusema neno. Njoo tutembee.

Umoja ni nguvu.

(Baada ya majadiliano kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Ombi la pili na la tatu yalikubaliwa na wote. Juu ya ombi la kwanza mkutano uliamua lipelekwe kwa wanachama wa zamu zote wapate kulifikiri, na kura ipigwe mkutano ujao. Wanachama waombwa kuhudhuria.)